Kabla hujafungua hedi: dalili za injini kongwe ya Toyota K na vyanzo vyake

Gari la zamani likianza kutoa moshi, fundi wa kwanza utakayemuuliza atasema, "Bosi, hapo ringi zimekwisha," yaani pete za pistoni. Wa pili atasema gasketi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi. Wa tatu atakushauri uitupe injini ununue ya mtumba kutoka Japani. Inawezekana mmoja wao amepatia, lakini hakuna aliyepima kitu. Mwongozo huu unaanza na vipimo kwa sababu hiyo, na hedi, yaani kichwa cha injini, inafunguliwa pale tu vipimo vinapokuachia njia hiyo moja.

Injini ninayoizungumzia ni familia ya K ya Toyota. Ilianza na Corolla ya kwanza mwaka 1966 ikiwa na ujazo wa cc 1,077, halafu zikaja 3K ya cc 1,166, 4K ya cc 1,290 na 5K ya cc 1,486. Ukiwa na Corolla KE70 au Liteace ya zamani nyuma ya nyumba, bila shaka unaifahamu: bloku ya chuma, hedi ya aluminiamu, kemshafti ndani ya bloku, pushirodi na roka, cheni ya taimingi mbele, kabureta na distribyuta. Kompyuta haina. Kwa mtu anayejifunza kufanya ovaholi (kuifungua injini yote na kuitengeneza upya) nyumbani, sijui injini iliyo na subira kuliko hii. Mengi ya hapa yanafaa pia kwa Datsun 1200. Kwa Peugeot 504 ya petroli kuna tahadhari moja: slivu zake (mirija ya silinda) zimezungukwa na maji na hazikubanwa na kitu kingine zaidi ya hedi. Ukishaitoa hedi, usizungushe krankishafti kabla hujazibana slivu, la sivyo zitanyanyuka na maji yatashuka kwenye sampu, karai la oili chini ya injini.

Geji kwanza

Vya kuanzia ni geji ya kompresheni, geji ya presha ya oili, fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), mita ya umeme na taa ya taimingi. Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, utaihitaji baadaye, na usiiazime kwa mtu anayeitumia kulegezea nati.

Kipimo cha kompresheni kina masharti, na wanaoyaruka hupata namba za uongo. Injini iwe imepata moto. Chomoa plagi zote nne, tenganisha waya wa koili, hakikisha betri ina chaji. Mtu akanyage pedali ya mafuta hadi chini, maana kipepeo cha kabureta kikifungwa silinda haivuti hewa ya kutosha. Piga stata mpaka sindano iache kupanda, kwa kawaida mizunguko mitano au sita, andika namba, kisha uende silinda inayofuata na mizunguko ileile.

4K ina uwiano wa mgandamizo wa 9 kwa 1. Iliyo nzima, ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, itasoma kati ya psi 150 na 175. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na kanieneo ya hewa kule ni pungufu kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo psi 130 inayomtia mtu wa pwani wasiwasi, kwa mtu wa Nairobi ni afya. Namba yenyewe ina uzito mdogo kuliko tofauti kati ya silinda. Tatu zikisoma 150 na moja 110, hiyo moja ina kesi. Mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, elekeza macho kwenye gasketi, kwani mara nyingi imeungua katikati yao.

Silinda iliyo chini imiminie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha injini kidogo, upime tena. Namba ikipanda vizuri, oili imeziba mwanya wa ringi na hapo tatizo liko chini. Isiposogea, tatizo liko juu: valvu haikai vizuri au gasketi inavujisha. Lakini kabla hujailaani valvu, angalia nafasi ya tapeti, yaani visukuma valvu. Valvu iliyobanwa haifungi kabisa, na dawa yake ni bisibisi na spana, kazi ya nusu saa. Kwa K zenye tapeti za kurekebishwa kwa mkono, nafasi ni milimita 0.20 kwa valvu ya kuingiza na 0.30 kwa ya kutolea, injini ikiwa ya moto. K za baadaye zina tapeti zinazojirekebisha kwa oili. Hizo usizipigie fila.

Ukiwa na kompresa ya upepo, kuna kipimo kizuri zaidi. Chukua plagi iliyokufa, vunja kauri yake, uchomelee vali ya tairi mahali pake. Pandisha pistoni ya silinda unayoishuku hadi kileleni valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, tia gia, vuta hendibreki, kisha ingiza upepo na usikilize. Mluzi ukitoka kwenye kabureta, ni valvu ya kuingiza. Ukitoka kwenye eksozi, ni ya kutolea. Ukisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi, ingawa hapo mvumo mdogo ni wa kawaida hata kwa injini mpya. Na maji ya rejeta yakitoa mapovu, sasa unaweza kusema gasketi kwa ujasiri, au hedi yenyewe ina ufa.

Moshi

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Oili ina milango miwili ya kuingilia kwenye chemba: kwa chini kupitia ringi, au kwa juu kupitia gaidi za valvu, vile vijimrija vinavyoongoza mashina yake. Mlango wa chini ni ovaholi kamili. Wa juu waweza kuzibwa na sili nane ndogo za mpira. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu moshi wa milango yote miwili una rangi moja.

Tofauti yake iko kwenye wakati. Gari lililolala usiku kucha, ukiliwasha asubuhi likatoa wingu la bluu kisha likatakata, sili za valvu zimekauka: oili imedondoka polepole usiku ikakaa juu ya valvu ikisubiri moto. Dalili ya pili ya sili ni kwenye mteremko mrefu. Ukishuka Kitonga ukiwa umeachia mafuta na gia ndiyo inayokushikilia, injini inavuta kwa nguvu na hewa haipati, hivyo inanyonya oili kupitia gaidi. Ukifika bondeni ukikanyaga mafuta, anayekufuata hakuoni. Ringi zina tabia ya kinyume: moshi huja unapopanda mlima na mzigo, hauachi, na ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa kwenye sailensi (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) unaona mvuke ukipumua kwa mapigo.

Kabla ya yote hayo chunguza njia ya injini kupumua, yaani hozi na vali ndogo vinavyotoa mvuke kwenye bloku kuupeleka kwenye kabureta. Zikiziba kwa masizi, presha inajaa ndani ya sampu na oili inasukumwa popote panapopitika: kwenye sili za krankishafti, kwenye gasketi ya kava, hata juu ya ringi nzima. Nimeona gari lenye dalili zote za kuchoka likatulia baada ya kusafishwa hozi hiyo kwa petroli na waya.

Ikiwa umeridhika kuwa ni sili, hedi haihitaji kutoka. Kuna mbinu ya kamba ambayo ni rahisi na haitaki kompresa. Ondoa kava, chomoa plagi ya silinda namba moja, shusha pistoni kidogo ikiwa kwenye mzunguko wa kugandamiza, ingiza kamba laini ya pamba au nailoni kupitia tundu la plagi hadi chemba ijae, ncha moja ibaki nje. Sasa zungusha krankishafti kwa spana, taratibu, pistoni ipande na kuigandamiza kamba dhidi ya valvu. Zitashikwa zisiweze kuanguka. Toa rokashafti, bana springi, chomoa vijino viwili vya kufuli kwa sumaku, toa sili ya zamani. Mara nyingi utaikuta ngumu na imepasuka. Mpira wa namna hiyo hauzuii kitu. Hapohapo tikisa shina la valvu kwa vidole, ubavu kwa ubavu. Likicheza waziwazi, gaidi imelika, na sili mpya itadumu muda mfupi tu. Tahadhari: kwenye baadhi ya injini za zamani bolti za rokashafti ndizo pia zinazobana hedi. Soma kitabu cha injini yako kabla hujazigusa.

Binafsi, injini ya umri huu ikila lita moja ya oili kwa kilomita 1,500 na kompresheni iko sawa, siifungui. Naongeza oili naendelea na safari.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: choki iliyokwama, boya la kabureta linalovuja, chujio la hewa lililojaa vumbi. Gari lililokuwa zima pwani likahamia nyanda za juu litakuwa na tabia hii pia, kwa kuwa jeti zilizopimwa kwa hewa nzito ya baharini zinamwaga petroli ileile kwenye hewa nyepesi. Moshi mweupe wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache ni mvuke wa maji tu. Usioisha, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja chini, ni wa gasketi au hedi iliyopasuka.

Kuchemsha

Gari likichemsha, jambo la kwanza ambalo mafundi wetu hulifanya ni kutoa themostati na kuitupa. Naelewa chanzo cha desturi hiyo, maana themostati iliyokwama huua injini mchana mmoja. Lakini isipokuwepo, injini inatembea ikiwa baridi, petroli haivukizwi vizuri, inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu. Silinda zinalika haraka. Na kwenye baadhi ya injini themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita rejeta, na gari huendelea kuchemsha mlimani kama kawaida. Kuipima ni kazi ya sufuria: itumbukize kwenye maji juu ya jiko pamoja na kipimajoto. Ya nyuzi 82 ianze kufunguka karibu na hapo na iwe wazi kabisa maji yakikaribia kuchemka. Ikigoma, nunua nyingine.

Kingine kinachodharauliwa ni mfuniko wa rejeta. Unashikilia presha ya karibu psi 13, na presha hiyo hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji hadi karibu nyuzi 120 usawa wa bahari. Mpira wake ukifa, maji yanachemka kwa nyuzi 100, na Nairobi kwa 95 hivi, wakati injini yenyewe inafanya kazi ikiwa 85 hadi 95. Utaona kwamba nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Watu wamebadilisha gasketi mara mbili kwa kosa la mfuniko.

Endelea hivi, kuanzia lisilo na gharama. Feni belti: legevu au limepakwa oili? Taimingi: ikichelewa, moto unaishia kwenye eksozi na hedi inapata joto la bure. Hozi ya chini ya rejeta: piga resi uiangalie, ikijikunja kwa kunyonywa, springi yake ya ndani imekwisha. Rejeta: injini ikishapata moto izime, funga feni isikushike, upapase uso wake kwa kiganja. Sehemu zilizo baridi katikati ya zenye moto zimeziba.

Ikiwa yote yako sawa na gari limetumia maji ya bomba kwa miaka mingi, uchafu uko ndani ya bloku. Chuma na aluminiamu vikikaa pamoja ndani ya maji matupu, kutu inatoka upande mmoja na hedi inalika upande wa pili; chumvi ya maji inaganda kwenye kuta kama kwenye birika. Tope hujikusanya nyuma, kuizunguka silinda namba nne, mahali ambapo mzunguko wa maji ni hafifu. Fungua bolti ya kumwagia maji ubavuni mwa bloku. Isipotoa kitu, chokonoa kwa waya. Isipotoa bado, umeshapata jibu. Ng'oa vile vifuniko vya duara vya bati vilivyopigiliwa kwenye bloku, osha kwa mpira wa maji wenye nguvu, weka vipya, na tangu siku hiyo tumia kulanti, maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu.

Hedi iliyochemshwa vibaya ipimwe hata kama unaona iko sawa kwa macho. Rula ya chuma iliyonyooka, iwekwe kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari yote miwili, fila ipite chini yake. Ikipita ya milimita 0.05, hedi iende ikaskimiwe, yaani uso wake usawazishwe kwa mashine. Usikubali kuifunga na gasketi mbili au gundi nyingi.

Taa ya oili na kugonga

Taa ya oili ikiwaka kwenye sailensi injini ikiwa ya moto, usikimbilie kulaumu beringi. Swichi ya taa hiyo ni kifaa cha bei ndogo na huharibika. Ing'oe, funga geji halisi mahali pake. Kanuni ya zamani ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika bado inanitosha: kwenye mizunguko 3,000 geji isome 30 au zaidi. Ikisoma hivyo, badilisha swichi ukalale.

Isiposoma, chomoa dipstiki uinuse. Injini hizi zina pampu ya petroli iliyofungwa ubavuni mwa bloku na kusukumwa na kemshafti. Mpira wake ukitoboka, petroli haionekani nje. Inashuka kwenye sampu. Kiwango cha oili kinapanda chenyewe, oili inakuwa nyepesi, presha inaanguka. Mwenye gari hufurahi kwamba injini imeacha kula oili, kumbe anatembea na bomu na beringi zinasuguana. Pampu mpya na oili mpya, mara moja, na usiiwashe injini hiyo kabla ya hapo.

Baada ya hapo ndipo uwaze vali ya presha iliyokwama, chujio la pampu lililojaa masizi, pampu iliyolika, na mwisho beringi zenyewe.

Sauti za kugonga husomeka hivi. Mtikiso mwepesi wa juu, unaokwenda nusu ya kasi ya injini, ni tapeti. Mkwaruzo wa mbele unaoongezeka ukiachia mafuta ghafla ni cheni ya taimingi. Kugonga kwa baridi asubuhi kunakoisha injini ikipata moto ni pistoni inayocheza ndani ya silinda iliyolika; kunakera, lakini kunaweza kuvumiliwa muda mrefu. Kugonga kukali kunakoongezeka unapopiga resi ni beringi za konrodi, mikono inayounga pistoni na krankishafti. Ili kujua ni konrodi ipi, injini ikiwa inawaka toa waya wa plagi moja moja kwa koleo yenye mpira mzuri. Ukiutoa wa silinda fulani na kugonga kukapungua au kukabadilika, umeipata. Beringi kuu za krankishafti zina sauti nzito ya chini, inayosikika zaidi kwenye mzigo, na haibadiliki sana kwa kutoa plagi moja. Kwa sauti hizi mbili za mwisho gari halitembei tena, hata kwenda gereji; livutwe.

Ipo pia kelele ya mlimani, kama kokoto zinazotikiswa, inayoisha ukipunguza mafuta. Hiyo ni petroli inayolipuka kabla ya wakati. Taimingi imetangulia mno, au chemba ina masizi mengi, au petroli imechanganywa na mafuta ya taa, ambayo hushusha oktani. Tanzania ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya uchakachuaji huo. Badilisha kituo, ujaze tangi upya, usikie kama kelele imepungua kabla hujafungua chochote.

Haiwaki, inamisi

Hapa sitachelewa, maana ni umeme au petroli na vyote vinapimika. Injini inayozima ikipata moto na kuwaka tena ikipoa ni koili au kondensa. Pointi zilizoungua zikawa za bluu au zenye kichuguu na shimo ni kondensa. Nafasi yake iwe milimita 0.45, na ya plagi 0.8. Inayomisi kwenye sailensi tu na kutulia kwenye mwendo inavuta hewa ya wizi: pulizia maji ya sabuni kuzunguka gasketi ya kabureta na manifoldi, usikilize mlio utakapobadilika. Usitumie petroli kwa kazi hii juu ya eksozi ya moto, hata kama umeona mtu akifanya.

Matatizo yanayozaliwa na ovaholi

Sehemu hii ndiyo niliyotaka kuifikia. Injini iliyochoka huharibika polepole. Iliyofungwa vibaya huharibika kwa dakika chache. Na kosa linalozitangulia nyingine zote ni uchafu.

Ukitoka kwa wachongaji, tuseme mtaa wa Gerezani Dar es Salaam, na bloku iliyochongwa na krankishafti iliyosagwa, vifaa hivyo vinang'aa. Ndani vimejaa unga wa jiwe la kusagia. Sisi tumezoea kuosha kwa dizeli au petroli, na hapo ndipo tunapokosea: petroli huondoa grisi na kuuacha unga umekaa kwenye mistari midogo ya ukuta wa silinda. Unga ule husaga ringi mpya tangu dakika ya kwanza. Kinachoutoa ni maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu. Sugua, suuza, futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka cha kijivu, sugua tena. Utashangaa ni mara ngapi. Kitakapotoka cheupe, kausha upesi na upake oili palepale, kwa sababu chuma kitupu kwenye unyevu wa Dar kinaota kutu ukiwa bado unakitazama. Njia za oili ndani ya krankishafti zipitishwe brashi nyembamba kila tundu, kisha upepo.

Halafu pima, hata kama boksi limeandikwa. Shafti iliyosagwa 0.25 inataka beringi za 0.25, geuza beringi usome mgongo wake kabla ya kufunga. Ukiwa na plastigeji, lile uzi laini la kupimia nafasi ya beringi, kata kipande, kiweke juu ya shafti kavu, funga kofia kwa toki yake bila kuzungusha, fungua usome upana wake. Milimita 0.02 hadi 0.05 ni mahali pazuri kwa injini ya ukubwa huu. Ringi moja moja iingizwe peke yake ndani ya silinda, isawazishwe kwa pistoni, mwanya wake upimwe: kwa silinda ya milimita 75 ya 4K, karibu 0.30 kwa ringi ya juu. Mwanya ukiwa mdogo mno, ncha zitakutana injini ikipata moto na ringi itavunjika. Alama kwenye ringi itazame juu. Kofia za konrodi zisibadilishane, na usizigeuze.

Sasa dalili za baada ya kufunga.

Injini inapiga mlipuko kwenye kabureta na haitaki kuwaka: distribyuta imewekwa nusu mzunguko kinyume. Ziba tundu la plagi namba moja kwa kidole gumba, zungusha. Upepo ukikisukuma kidole huku alama ya puli ikifika, huo ndio mgandamizo, na rota itazame waya wa namba moja. Mpangilio ni 1-3-4-2.

Geji ya oili haipandi: usiwashe. Pampu ilipaswa kujazwa oili au grisi laini kabla ya kufungwa. Toa plagi zote, piga stata kwa vipindi vifupi hadi geji ipande.

Bloku imepasuka kwenye tundu la bolti ya hedi ulipokuwa ukikaza: tundu lilikuwa na maji au oili, na kimiminika hakikubali kugandamizwa. Matundu yapulizwe upepo na kukaushwa, bolti zikazwe kwa hatua kuanzia katikati kwenda nje.

Kugongagonga kwa juu kunakoanza baada ya saa chache na tapeti zinazopoteza nafasi kila ukizirekebisha: kemshafti inalika. Tapeti za zamani lazima zirudi kila moja kwenye kemu yake. Kemshafti mpya iende na tapeti mpya. Ikiwaka mara ya kwanza, ishikilie mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 bila kuiachia kwenye sailensi, kwani kwenye mizunguko midogo oili inayorushwa kufikia kemu ni haba. Oili nyingi za kisasa za petroli zimepunguzwa zinki na fosforasi ili kulinda kataliti (kisafisha moshi cha eksozi) ambayo gari lako halina, kwa hiyo tafuta ya injini kongwe au ongeza dawa ya kukalishia kemshafti.

Moshi wa bluu hauishi baada ya ovaholi: ringi hazijakaa. Silinda haikupigwa honi (kukwaruzwa ukuta kwa jiwe la kusagia) ikabaki laini inayoteleza, au gari liliachwa likiunguruma kwenye sailensi kwa saa nyingi kwa imani kwamba linalainishwa. Ringi hukazwa na mzigo. Tafuta mlima wa wastani, panda kwa gia ya tatu ukiwa umekanyaga kiasi, achia ushuke, rudia. Tumia oili ya kawaida mwanzoni. Ya sintetiki ije baadaye.

Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 500, na usiitupe chujio nzima. Ikate kwa msumeno mbali na karatasi, tandaza karatasi juani, pitisha sumaku. Unga mweusi mwembamba unaoshikamana na sumaku ni ringi zikikaa, hauna neno. Vipande vinavyong'aa rangi ya fedha au shaba ambavyo sumaku haivigusi ni beringi. Zima gari hilo, fungua sampu kabla ya kuliwasha tena, uanze na kofia za konrodi.